Uzamili na Uzamivu katika Uhandisi wa Ujenzi na Mazingira: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Afrika Mashariki

Matokeo ya mwaka wa mwisho yakishabandikwa, wahandisi wapya huulizana swali lilelile: tuombe chuo gani? Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulia mengine huwapoteza wengi, kwani mtu hujikuta amedahiliwa katika chuo chenye jina kubwa huku hajui anakwenda kuchunguza nini, na miezi sita ya kwanza ikaishia kutafuta mada. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kwanza swali la utafiti, kisha takwimu za kulijibu, kisha msimamizi, na mwisho chuo na fedha. Nimeuandika nikimfikiria mtu mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi, wa maji au wa mazingira kutoka chuo cha Tanzania, Kenya au Uganda, anayetaka kuendelea nyumbani au ng'ambo. Mifano mingi nimeitoa upande wa maji na usafi wa mazingira, kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi. Anayesomea miundo, udongo au barabara ataona mwenyewe inapomhusu.

Hatua ya 1: Amua unataka shahada ya aina gani, na wakati gani

Uzamili hauko wa aina moja. Upo unaosomwa zaidi darasani na kumalizika kwa tasnifu fupi, na upo ambao utafiti ndio kiini chake. Vyuo vya Marekani huzitenganisha aina hizi kwa majina: M.Eng. kwa kawaida huchukua miezi 9 hadi 12, aghalabu haina tasnifu, na mwanafunzi hujilipia; M.S. huweza kuwa na utafiti ndani yake. Huko huko, mtu anaweza kudahiliwa moja kwa moja kwenye uzamivu akiwa na shahada ya kwanza tu, akalipiwa ada na kupewa posho kwa kazi ya kusaidia utafiti au kufundisha. Uholanzi na Ujerumani zina utaratibu wao: uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mkataba na mshahara, na anayeomba hutarajiwa kuwa tayari na uzamili. Kwetu, uzamili wa uhandisi huchukua kwa kawaida miezi 18 hadi 24, ingawa wanaochelewa kwa sababu ya tasnifu ni wengi kuliko wanavyokiri.

Kabla ya kuomba, tazama pia suala la usajili wa kitaaluma. Nchini Tanzania, mhandisi anayetaka kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu hutakiwa kupata uzoefu wa kazi unaosimamiwa, na njia inayojulikana zaidi ni SEAP, mpango wa mafunzo kazini wa miaka 3. Nchini Kenya kazi hiyo iko chini ya bodi ya wahandisi, EBK. Uzamili hauchukui nafasi ya uzoefu huo. Nimeona watu wenye shahada mbili wakirudi kuanza mafunzo ya vitendo pamoja na vijana waliowaacha nyuma yao chuoni.

Ushauri wangu ni kwamba ufanye kazi miaka miwili kwanza, japo uwe msimamizi wa kumwaga zege kwenye mradi mdogo wa daraja la halmashauri. Ufadhili mkubwa kadhaa unadai uzoefu huo kwa vyovyote, na kazini ndiko maswali yanakopatikana.

Hatua ya 2: Tafuta swali linaloweza kupimwa

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo sitapapita haraka.

Mwanafunzi akisema anataka kuchunguza "mafuriko Dar es Salaam", bado hajasema kitu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hilo, na tangu hapo bonde la Msimbazi limefanyiwa tafiti nyingi na mradi mkubwa wa uendelezaji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Anayekuja leo na mada pana kiasi hicho atameza maneno ya watu wengine bila kuongeza lolote. Ibane mada hadi ibaki na vitu vitatu: mahali panapoweza kutembelewa, kitu kinachoweza kupimwa kwa namba, na ulinganisho. Kwa mfano: je, mchanga unaojaa chini ya daraja fulani la Msimbazi kati ya masika moja na nyingine hupunguza njia ya maji kwa kiasi gani, na hilo huinua kina cha mafuriko upande wa daraja maji yanakotoka kwa sentimita ngapi? Swali hilo linapimika kwa kamba, leveli na HEC-RAS, programu ya kukokotoa mwendo na kina cha maji mtoni, ambayo jeshi la wahandisi la Marekani huitoa bure.

Mfano wa pili unatoka vyooni. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam hutumia vyoo vya shimo na makaro, na tope linalonyonywa hupelekwa na magari kwenye mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti. Mtu anayeishi uswahilini anajua jambo ambalo vitabu vya kiada havilisemi: mvua kubwa ikishuka, baadhi ya kaya hutapisha vyoo, yaani hutoboa ukuta wa shimo na kuacha kinyesi kiondoke na maji ya mvua, kwa kuwa gari ni ghali au haliwezi kupita uchochoroni. Kwa mhandisi, hapo pana swali la uwiano wa masi: tope linalozalishwa mtaani, ukitoa lile lililofika bwawani, limekwenda wapi, na katika miezi gani? Huko ng'ambo atapatikana profesa mwenye maabara nzuri kuliko zako mara kumi ambaye hajawahi kulisikia neno "kutapisha". Ujuzi huo wa mtaani ni mtaji, utaje kwenye maombi yako bila haya.

Wakati mwingine swali zuri hugeuza lile lililozoeleka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwamo Amy Pickering na Jenna Davis, walipofanya kazi Dar es Salaam na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, hawakuishia kwenye bomba na kisima. Walipima pia bakteria wa kinyesi kwenye mikono ya watu wa nyumbani, wakaona kwamba uchafu wa mikono ulikwenda sambamba na uchafu wa maji yaliyohifadhiwa ndani. Maji yanaweza kufika safi kwenye ndoo, yakachafuliwa na kikombe na mkono unaochota. Mhandisi aliyefundishwa kwamba kazi yake inaishia kwenye koki ana la kujifunza hapo.

Mfano wa tatu uko Arusha. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floridi inayotokana na miamba ya volkano, mara nyingi juu ya kiwango cha 1.5 mg/L kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na madhara yake yanaonekana kwenye meno yenye rangi ya kahawia na, kwa walioathirika zaidi, kwenye mifupa iliyopinda. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Kwamba mkaa wa mifupa unanasa floridi, hilo limeshathibitishwa. Maswali yaliyobaki wazi ni ya kihandisi na ya kijamii: chujio la nyumbani huchoka baada ya lita ngapi kwa maji ya kijiji hiki, nani atatambua kwamba limechoka, na mkaa uliokwisha utatupwa wapi.

Ukishapata swali lako, liandike kwa sentensi moja na umsomee fundi bomba au dereva wa gari la majitaka. Akielewa na kuanza kubishana nawe, umefika.

Hatua ya 3: Zijaribu takwimu kabla ya kuandika maombi

Tanzania Bara ina bodi tisa za maji za mabonde: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Takwimu za kina na mtiririko wa mito ziko huko, na za mvua ziko pia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nenda mwenyewe na barua ya utambulisho. Omba kuona daftari la asili ambalo msomaji wa kipimo huliandika kwa mkono, pamoja na faili la kompyuta, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa kati ya hayo mawili.

Nieleze kilichonipata. Nilikuwa na faili la mto mmoja lenye miaka 30, limejaa vizuri, karibu halina pengo. Nilipofungua daftari la asili nikakuta kina cha mita 0.86, asubuhi na jioni, kuanzia tarehe 3 hadi 19 Aprili, ilhali kipimo cha mvua cha jirani kilionyesha milimita 61 tarehe 11. Nikasafiri hadi kwenye kibao cha kipimo kumtafuta msomaji.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na wa ofisini?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka, akanionyesha ngazi za zege zinazoteremka mtoni. "Maji yakipanda mpaka pale, mimi sishuki. Kuna mamba. Naandika ya jana."

Mzee hakuwa mwongo wala mvivu, na posho aliyolipwa haikutosha hata kumfikirisha mamba. Kwa utafiti wangu, hata hivyo, maana yake ilikuwa kubwa: siku zilizokosewa zilikuwa hasa siku za mafuriko, kwa hiyo kila kilele cha mto katika faili lile kilikuwa kimekatwa. Kama ningetumia takwimu hizo kukadiria mafuriko ya mara moja katika miaka 50, ningepata daraja fupi kuliko linalotakiwa. Swali langu likabadilika kuanzia siku hiyo, na nashukuru kwamba nilikuwa bado sijamwandikia profesa yeyote.

Fanya basi vipimo hivi vinne kabla ya kuamini faili lolote. Hesabu mapengo ya kila mwaka, na uangalie kama yamelundikana kwenye masika. Tafuta namba inayojirudia kwa siku nyingi mfululizo. Chora jumla limbikizi ya mvua ya kituo chako dhidi ya wastani wa vituo jirani. Mstari ukivunjika, huenda kituo kilihamishwa au mti umekua juu ya kipimo. Mwisho, uliza ni lini mtiririko ulipimwa mara ya mwisho kwa mashine kwenye kituo hicho, kwa sababu sakafu ya mto hubadilika baada ya mafuriko, na jedwali la kubadilisha kina kuwa mtiririko likiwa la zamani hutoa mita za ujazo za kubuni. Ukiwa na intaneti nzuri, linganisha mvua na data za setilaiti za CHIRPS, zinazoanzia mwaka 1981 na kupatikana bure. Usizifanye mbadala wa kipimo cha ardhini, ila zitakuonyesha mahali pa kutilia shaka.

Mada yako ikiwa ya maabara, jaribio linalolingana na hili ni kuuliza kama kifaa unachokitegemea kinafanya kazi leo, nani anakihudumia, na kemikali zake huagizwa kutoka wapi. Mashine nzuri isiyo na kemikali ni meza.

Hatua ya 4: Tafuta msimamizi, ndipo utazame chuo

Soma makala tano za karibuni kuhusu swali lako na uandike majina ya wanaojirudia. Hao ndio wa kuwaandikia. Barua pepe iwe fupi kuliko unavyodhani: sentensi mbili kuhusu wewe, sentensi tatu kuhusu swali na takwimu ulizonazo mkononi, sentensi moja inayotaja jambo mahususi katika kazi yake linalogusa yako, kisha uulize kama anachukua wanafunzi mwaka unaofuata. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili. Maneno kama "ninavutiwa sana na utafiti wako mashuhuri" yafute, kwa kuwa anayapokea kila siku kutoka kwa watu ambao hawajausoma. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja tu, kisha nenda kwa mwingine.

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu 1973, kina idara ya uhandisi wa rasilimali za maji, na kimeshiriki katika uzamili wa usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji chini ya mtandao wa WaterNet wa kusini mwa Afrika. Watafiti wake walifanya kazi kubwa juu ya mabwawa ya majitaka na maeneo oevu ya kutengenezwa, ambako majitaka hupita taratibu kwenye kokoto zilizopandwa matete. Chuo Kikuu Ardhi kina nguvu upande wa uhandisi wa mazingira na taka. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, NM-AIST, hufundisha uzamili na uzamivu tu, na kwa suala la floridi iko mlangoni pa tatizo lenyewe. Nje ya Tanzania kuna Makerere na Nairobi, na Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kina taasisi mbili zinazohusika: ile iliyoko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, nchini Kenya, yenye uhandisi wa ujenzi, na ile ya maji na nishati iliyoko Tlemcen, Algeria. Hizi mbili hutoa ufadhili kwa Waafrika kutoka nchi yoyote ya Umoja wa Afrika, na hushangaza jinsi vijana wetu wanavyozisahau wakikimbilia Ulaya.

Ng'ambo, anayesomea maji hawezi kukwepa jina la IHE Delft nchini Uholanzi, iliyoanza mwaka 1957 ikiwa na lengo la kufundisha wahandisi kutoka nchi nyingine. Ofisi nyingi za maji Afrika Mashariki zina mtu aliyepita pale. Chuo Kikuu cha Stuttgart kina uzamili wa uhandisi wa rasilimali za maji uitwao WAREM, unaofundishwa kwa Kiingereza. Hohai, Nanjing, ni chuo kilichojijenga juu ya mabwawa na mito. Kwa utafiti wa topekinyesi, taasisi ya Eawag iliyoko Dübendorf, Uswisi, ina kikundi kilichofanya kazi kwa karibu na miji ya Afrika.

Kwa maoni yangu, mtu ambaye swali lake liko kwenye zege la kokoto za nyumbani au kwenye udongo wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, afanye uzamili nyumbani na ang'oke kwa uzamivu. Kusafirisha gunia la udongo hadi Ulaya ili kupima kinachoweza kupimwa Mbeya ni gharama isiyo na faida.

Hatua ya 5: Fedha

Kila mfuko una masharti yake, na wengi huangushwa na sharti dogo walilolipita haraka. EPOS, mpango wa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, hudai angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo kwa kawaida isiwe imepita miaka sita. Maombi hupelekwa kwenye kozi yenyewe, na anayeyapeleka ofisi za DAAD hupoteza muda. Chevening ya Uingereza hudai saa 2,800 za kazi, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na Fulbright kila mmoja una kalenda yake. Uzamili wa pamoja wa Erasmus Mundus hutoa euro 1,400 kwa mwezi na kumpitisha mwanafunzi katika vyuo vya nchi zaidi ya moja.

Ukijilipia Ujerumani, usidanganyike na neno "bure". Majimbo mengi hayatozi ada, lakini Baden-Württemberg, ambako Stuttgart ipo, hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na ubalozi hutaka kuona akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka. Kwa uzamivu wa Marekani, barua ya udahili isiyotaja posho ihesabu kuwa haijakamilika, na umuulize msimamizi kwa heshima kabla ya kukubali. Yeyote anayekutaka ulipie ufadhili ili upewe, mkimbie.

Hatua ya 6: Nyaraka

Wastani wa alama ndio unaozua mkanganyiko mkubwa. Vyuo vya Tanzania hutumia kipimo cha 5.0, Marekani 4.0, na Uingereza huzungumza kwa madaraja. Usibadili mwenyewe kwa kugawanya na kuzidisha. Andika "3.9 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na uache chuo au wakala wa kutathmini vyeti afanye hesabu zake. Kwa uzamili wa nyumbani, kigezo kilichozoeleka ni 2.7 na kuendelea.

Barua za mapendekezo ziombe mapema, na uwarahisishie kazi wanaokuandikia. Mwalimu aliyekufundisha miaka minne iliyopita pamoja na wenzako 120 hakukumbuki kwa undani, hata kama huitikia salamu yako kwa bashasha. Mpelekee ukurasa mmoja wenye alama ulizopata kwenye somo lake, kichwa cha mradi wako wa mwisho, na jambo moja alilowahi kukusifu. Barua ya mkuu wako wa kazi iliyoeleza jinsi ulivyokataa kupokea zege lililokaa barabarani muda mrefu kupita kiasi ina uzito kuliko ya mkuu wa kitivo inayosema wewe ni "mchapakazi".

Katika maelezo ya nia, anza na swali lako na ulichokiona kwenye takwimu. Utoto wako na ndoto ya kujenga madaraja viachie wengine. Cheti cha Kiingereza, kama kinahitajika, mara nyingi ni IELTS ya 6.5, lakini uliza kwanza kama barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inatosha, maana ada ya mtihani huo si ndogo. Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kudai mtihani wa GRE, na tarehe zao za mwisho kwa uzamivu huangukia zaidi Desemba, ndiyo maana hatua ya pili na ya tatu zinapaswa kuwa zimekamilika ifikapo Agosti.

Hatua ya 7: Vibali

Anayesoma nje na kurudi kukusanya takwimu Tanzania aulize Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mapema kuhusu kibali cha utafiti, na anayekwenda Zanzibar ajue kwamba kule kuna utaratibu wake. Kenya, tume inayotoa kibali hicho ni NACOSTI. Utafiti unaogusa mikono, kinyesi au afya ya watu huhitaji pia idhini ya maadili. Weka miezi mitatu kwa haya yote. Kisha kuna ngazi ambayo haimo kwenye fomu yoyote: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Ukimruka mwenyekiti, hutapata choo hata kimoja cha kupima.

Hatua ya 8: Maabara na uwandani

Kalenda ya wiki itakutawala kuliko nadharia. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu ulio majini, huchukua siku tano kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Ukiingiza chupa Jumanne, siku ya tano ni Jumapili na maabara imefungwa. Ingiza Jumatano, Alhamisi au Ijumaa. Kumbuka pia kwamba vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi huzungumza kana kwamba kabati la kipimo linapasha joto. Dar es Salaam kabati hilo linapooza, na umeme ukikatika usiku, chupa zako hupanda hadi joto la chumba na bakteria hula oksijeni kwa kasi isiyoruhusiwa. Weka kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya kabati, uzitupe chupa za usiku huo, na uandike kwamba umezitupa. Zege nalo huvunjwa baada ya siku 28, yaani wiki nne kamili, kwa hiyo ulilomwaga Jumapili utalivunja Jumapili.

Sampuli za bakteria ziwe kwenye boksi la barafu, mbali na jua, zifike maabara ndani ya saa 6 hadi 8 inapowezekana, na zisivuke saa 24. Kila siku ya kazi beba chupa moja ya maji safi yaliyochemshwa, uifungue na kuifunga uwandani kama sampuli nyingine. Ikiota makoloni, tatizo ni mikono yako.

Vifaa vya kuacha mtoni vifiche au vilindwe. Kipimo changu cha kwanza cha kina nilikifunga ndani ya bomba zuri la chuma. Baada ya siku tisa bomba lilikuwa limeshauzwa kama chuma chakavu, na kipimo kilikutwa majanini, kimeachwa kwa kuwa hakikuwa na uzito wa kuuzika. Cha pili nilitumia bomba la plastiki lililopasuka, lililofungwa kwa kamba ya katani, na nikamlipa kijana wa jirani kila mwisho wa mwezi. Kilidumu misimu miwili ya mvua.

Hatua ya 9: Kuandika, kuchapisha na kurudisha

Andika sura ya mbinu siku za uwandani, wakati bado unakumbuka ni chupa ipi ilivuja. Kubaliana na msimamizi mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala na majina ya wenzako wa nyumbani yatakaa wapi. Msaidizi aliyekutafsiria, akakutambulisha na kukusanyia nusu ya sampuli anastahili zaidi ya kushukuriwa. Waliosoma nje wakirudi Tanzania wapeleke vyeti vyao Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, vikatambuliwe kabla mwajiri hajaanza kudai.

Takwimu ulizozisafisha zirudishe kwenye bodi ya bonde zilikotoka, zikiwa kwenye faili lenye safu ya ziada inayoonyesha kila siku uliyoitilia shaka na sababu yake. Mimi nilipopeleka langu, afisa alilifungua hapo hapo, akasogeza hadi Aprili, akasoma sababu niliyoiandika kuanzia tarehe 3 hadi 19: "Mamba." Mwezi uliofuata wakaanza kuulizia bei ya kipimo kinachojisoma chenyewe.